Noeli ya Mkunazini

Siku ya Noeli ya mwaka 1873 watu walikusanyika Mkunazini, mjini Unguja, kuweka jiwe la msingi la kanisa. Kiwanja walichosimama juu yake kilikuwa soko la watumwa, na soko hilo lilikuwa limefungwa miezi sita na wiki chache tu kabla yake. Kwani tarehe 5 Juni ya mwaka huo huo Sayyid Barghash bin Said alitia sahihi mapatano na Waingereza ya kukomesha usafirishaji wa watumwa baharini na kufunga masoko yao katika milki yake. Miaka minne ikapita. Siku ya Noeli ya mwaka 1877, jengo lingali halijakamilika, ibada ya kwanza ikafanywa ndani yake. Basi kanisa lile lilianzwa kwa Noeli na kufunguliwa kwa Noeli, na tangu hapo Wakristo wa Unguja wameingia humo kila mwaka kutoa shukrani.

Nataka kumwuliza msomaji swali moja. Shukrani ile ilikuwa ya nani, kwa nani, na kwa jambo gani? Huenda swali hili likaonekana utovu wa adabu katika msimu wa furaha. Lakini mimi ni Mkristo, tena ni mwalimu wa Kiswahili, na mambo haya mawili hayanipi ruhusa ya kulipita neno kwa sababu tu limezoeleka masikioni.

Tuanze na siku yenyewe. Watu wa misheni hawakuichagua kwa bahati. Kwa imani ya Kikristo, Noeli ni siku ambayo Mungu alitwaa hali ya mwanadamu, na kama mtume Paulo alivyowafundisha Wafilipi, hali hiyo haikuwa ya mfalme bali ya mtumwa. Neno hili katika lugha yetu lina uzito wa peke yake. Mtumwa ni mtu atumwaye. Mtume ni mtu aliyetumwa. Wote wawili ni watoto wa kitenzi kimoja, nao hutenganishwa na silabi moja mwishoni. Kadhalika kukomboa, kabla ya kuwa neno la mimbarini, kulikuwa ni kutoa mali ili kirudi kilichowekwa rehani, au aachiliwe aliyetekwa. Katika nchi za Ulaya mhubiri aliposema utumwa wa dhambi na ukombozi wa roho, wasikilizaji wake walisikia mfano. Mkunazini, mwaka 1877, wapo waliosikia habari ya miili yao.

Edward Steere, askofu aliyeongoza ujenzi, alilijua jambo hili kuliko wengi. Alifika Unguja mwaka 1864 pamoja na Askofu Tozer, kwa ajili ya misheni ya Kianglikana iliyoanzishwa na vyuo vikuu vya Uingereza baada ya wito wa David Livingstone. Alikuwa mtaalamu wa sheria aliyegeuka kuwa mwanafunzi wa Kiswahili; alichapisha kitabu chake cha sarufi ya lugha hii mwaka 1870, na miaka yake iliyosalia aliitumia sana katika tafsiri ya Maandiko. Paa la kanisa alilitengeneza kwa mawe ya matumbawe yaliyopondwa na kuchanganywa na saruji, na wapo walioona kwamba lingeanguka. Halikuanguka. Husimuliwa pia kwamba nguzo chache karibu na mahali pa ubatizo zilisimamishwa kichwa chini na mafundi, askofu akiwa safarini. Naye aliporudi akaziacha zilivyo. Alikufa mwaka 1882 akazikwa nyuma ya altare, mahali ambapo, kwa mapokeo ya mji, palikuwa na mti wa kuchapia watumwa.

Lakini waliojaa kanisani walikuwa akina nani? Kwa sehemu kubwa walikuwa watoto na vijana waliotolewa katika majahazi yaliyokamatwa na manowari za Waingereza. Watano wa kwanza misheni iliwapata mwaka 1864 kwa mkono wa Sultani Majid, na mmoja wao, John Swedi, alipewa ushemasi mwaka 1879. Wavulana walisomeshwa Kiungani. Wengine waliwekwa Mbweni, katika shamba la misheni, wakapewa viwanja vya kulima na kanuni za kufuata. Hapana aliyewauliza wangependa kupelekwa wapi. Mtu aliyetekwa katika nchi ya ndani, akauzwa pwani, kisha akashushwa Unguja na baharia asiyejua lugha yake, alikuwa ameachiliwa, lakini alikuwa bado hajachagua lolote.

Mwaka 1887 misheni ilichapa kitabu cha habari zilizoandikwa na wanafunzi wa Kiungani wenyewe, zikatafsiriwa kwa Kiingereza na A. C. Madan, yule aliyetutungia pia kamusi. Nimezisoma habari hizo zaidi ya mara moja. Ni masimulizi ya watoto: nyumbani, vita au hila, njia, kuuzwa kutoka mkono huu hadi mkono ule, bahari. Msomaji wa Ulaya aliyatarajia yafike katika shukrani, na hilo si kosa, maana watoto wale walikuwa na jambo la kushukuru. Lakini mimi hukaa zaidi katika kurasa za mwanzo, pale mtoto anapoitaja nyumba yao na watu wa nyumba yao. Mtu hawezi kutoa shukrani ya kweli kwa kupata kitu huku amekatazwa kukilia kile alichopoteza. Shukrani ya namna hiyo ni malipo yanayodaiwa na mfadhili, nayo haikai mbali sana na ile hali aliyookolewa nayo.

Na wao hawakubaki kuwa wapokeaji. Mwaka 1876 kikundi cha walioachiliwa huru kilifuatana na Steere kwenda bara, kwa kuwa walitaka kurudi karibu na nchi zao za Wayao, Wamakua na Wanyasa. Wakakomea Masasi, wakajenga kijiji. Mwaka 1882 Wangoni wakakivamia, na baadhi ya watu wale wakatekwa mara ya pili. Kijiji hakikufa. Cecil Majaliwa, Myao aliyetekwa utotoni na kulelewa Kiungani, akafanya kazi miaka mingi Chitangali, akapewa upadri mwaka 1890, Mwafrika wa kwanza wa misheni ile kufikia daraja hiyo. Kama kuna deni la fadhila kati ya misheni na watu hawa, mimi sioni kwamba mizani iliinama upande mmoja.

Hapa sina budi kuondoa dhana moja iliyoenea mno, kwamba hadithi ya Mkunazini ni hadithi ya nuru ya Kikristo ikifukuza giza la wengine. Sehemu ya kiwanja kile ilitolewa na mfanyabiashara wa Kihindi, Jairam Senji, ambaye hakuwa Mkristo. Saa ya mnarani, husemwa, ilikuwa zawadi ya Sayyid Barghash. Kwa upande mwingine, mwaka 1776 Mfaransa Morice alifanya mapatano na Sultani wa Kilwa ya kununua watumwa elfu moja kila mwaka kwa ajili ya mashamba ya visiwa vya Bahari ya Hindi, na Wareno wa Msumbiji waliwapeleka watu hadi Brazil. Wote hao walikuwa wamebatizwa, na walikuwa na Noeli zao.

Tena kuna habari ya karafuu. Katika karne ya 19 Unguja na Pemba ziliilisha dunia karafuu, na mikono iliyozichuma ilikuwa ya watumwa. Kimbunga cha Aprili 1872 kiliangusha mikarafuu mingi ya Unguja, Pemba ikasalimika, mashamba ya huko yakazidi kupanuliwa, nayo yakahitaji watu. Sasa jikoni mwa Uingereza karafuu ni kiungo cha Noeli: hutiwa katika nyama, katika keki, katika mvinyo wa moto. Yamkini basi, Desemba ile ya 1877, Mkristo mwema wa Uingereza alitia senti katika kisanduku cha misheni ili mtumwa wa Unguja aokolewe, akarudi nyumbani akatia katika chungu karafuu iliyochumwa na mtumwa wa Pemba, kisha akainamisha kichwa kushukuru kwa vyote viwili. Simcheki. Sisi pia hatuulizi sana ni nani aliyeshona nguo mpya tunazowavika watoto wetu sikukuu, wala alilipwa nini.

Maana utumwa haukuisha soko lilipofungwa. Mapatano ya 1873 yalizuia bahari na soko. Hayakumgusa mtumwa aliyekwisha kuwamo shambani au nyumbani. Hali ya utumwa ilifutwa kisheria tarehe 6 Aprili 1897 tu, tena kwa masharti: mtumwa alipaswa kwenda mwenyewe mbele ya mahakama kuuomba uhuru wake, na aliyelipwa fidia alikuwa bwana wake. Masuria waliachwa nje ya sheria ile mpaka mwaka 1909. Hesabu yake ni nyepesi. Tangu ibada ya kwanza, Noeli ishirini zilisomwa Mkunazini, wimbo wa amani duniani ukaimbwa, huku nje ya mlango watu wakiwa bado mali ya watu. Na kwa wanawake wale ambao sheria iliwasahau makusudi, zilikuwa thelathini na mbili. Mtu aliyetoka ibadani mwaka 1890 kwenda dukani angeweza kupishana nao njiani.

Ndiyo sababu namheshimu Frank Weston, aliyeshika uaskofu wa Unguja mwaka 1908, ingawa katika mengine alikuwa mtu mgumu. Mwaka 1920, maofisa wa serikali ya Kiingereza nchini Kenya walipokuwa wakiagizwa kuwasukuma Waafrika kwenda kufanya kazi katika mashamba ya walowezi, aliandika kijitabu cha kuilaumu serikali ya nchi yake, akilinganisha hali hiyo na utumwa wa namna mpya. Mwaka uliofuata serikali ya London ilikataza nguvu isitumiwe kuwapatia walowezi vibarua. Sauti yake haikuwa ya peke yake, lakini ilitoka mahali panapostahili, katika kiti kilichosimama juu ya soko. Mwaka 1923, akihutubia mkutano mkubwa wa Waanglikana mjini London, aliwaambia kwamba hawawezi kudai kumwabudu Kristo altareni ikiwa hawamwonei huruma katika maskini wa mitaani. Wengi walishangilia. Sina hakika kwamba kushangilia ndiko alikokutaka.

Siku hizi watalii huja Mkunazini mwaka mzima. Huonyeshwa msalaba uliochongwa kwa mti wa Chitambo, ule ambao moyo wa Livingstone ulizikwa chini yake. Huonyeshwa sanamu za watumwa waliofungwa minyororo shingoni, zilizowekwa uani miaka ya 1990. Usiku wa Noeli watalii hupungua, na waumini hushika viti vyao. Niliwahi kusali humo Noeli moja, nikajikuta simwazi Steere wala Sultani, bali bibi yangu mzaa mama, mzaliwa wa Masasi, ambaye babu zake walikuwa katika vijiji vile vya mwanzo.

Bibi hakuwa mtu wa maneno mengi. Siku ya Noeli, wali ukiwa umekwisha kupakuliwa na sisi watoto tukiutolea macho, alisali kwa kuwataja watu wake waliotangulia, mmoja mmoja, akirudi nyuma kizazi kwa kizazi. Akifika mahali ambapo majina hayajulikani, kwa kuwa walioletwa pwani walikuwa wadogo mno kukumbuka, alisema, "Na wale." Alinyamaza kidogo, kisha akasema tena, "Na wale waliobaki njiani." Mjomba alikuwa akimhimiza, "Mama, chakula kinapoa." Bibi alimjibu kwamba kitapashwa moto.