Meno Yasiyopatana: Historia Iliyomo Ndani ya Fitingi za Haidroliki

Chukua fitingi mbili za nusu inchi, dume la mtindo wa Kimarekani na jike la mtindo wa Kiingereza. Zote mbili zimechongwa meno 14 kwa kila inchi. Ukizifunga kwa mkono zitakubaliana mizunguko kadhaa bila ubishi, kisha zitakazana kana kwamba zimefika. Hazijafika. Meno ya Kiingereza yana pembe ya digrii 55 na vilele vya mviringo. Ya Kimarekani yana digrii 60 na vilele bapa. Kwenye bomba la maji ya nyumbani, utepe wa kuzibia huweza kuficha kosa hilo kwa miaka. Kwenye mkono wa eskaveta, ambako presha ya mafuta inaweza kufika baa 350, zaidi ya mara mia ya presha ya tairi la gari dogo, upenyo usioonekana kwa macho hutoa mchirizi mwembamba unaoweza kutoboa glovu na ngozi ya fundi kwa pamoja. Aghalabu mtu akiuliza kwa nini kuna aina nyingi hivi za fitingi, huambiwa kwamba kila moja imebuniwa kwa kazi yake. Jibu hilo lina ukweli kidogo tu. Sehemu kubwa ya wingi huo imetokana na mipaka ya dola, ushindani wa viwanda na haraka za vita, na anayechagua fitingi bila kujua hivyo hutafuta mantiki ya uhandisi mahali ambapo haikuwapo.

Mwaka 1841 Joseph Whitworth aliwaeleza wahandisi wa Uingereza fujo iliyokuwapo: kila karakana ilichonga skrubu zake kwa namna yake. Alikusanya sampuli kutoka karakana mbalimbali, akatafuta wastani wake, akapendekeza pembe ya digrii 55. Namba hiyo haikushuka kutoka kwenye kanuni yoyote ya fizikia. Ilikuwa suluhu kati ya mazoea yaliyokuwapo. Mwaka 1864 William Sellers wa Philadelphia aliikataa, akachagua digrii 60 na vilele bapa. Sababu yake ilikuwa ya kifundi: umbo hilo lilikuwa rahisi kuchonga na kupima kwa zana za kawaida. Robert Briggs, Mmarekani pia, akaweka kipimo cha uzi (yaani meno) wa mabomba ambacho viwanda vya nchi yake vilikikubali mwaka 1886. Tangu hapo pande mbili za Atlantiki zikawa na nyuzi mbili zinazofanana kiasi cha kudanganya. Katika nusu inchi na robo tatu idadi ya meno ni ileile. Katika robo inchi Waingereza wana 19 na Wamarekani 18. Ingekuwa heri zingetofautiana wazi, maana kinachomponza fundi ni ule ufanano.

Gharama ya mambo haya ilionekana Baltimore, Februari 1904. Moto ulipoushinda mji huo, vikosi vya zimamoto vilikimbilia huko kutoka Washington, Philadelphia na New York, lakini mipira yao mingi haikuweza kufungwa kwenye mabomba ya mitaani ya Baltimore. Majengo zaidi ya 1,500 yaliteketea. Mwaka uliofuata kikapitishwa kipimo cha taifa cha mipira ya zimamoto. Hata hivyo, uchunguzi uliofanywa karne moja baadaye ulionyesha kwamba zaidi ya nusu ya miji mikubwa ya Marekani iliyoangaliwa ilikuwa bado haijakifuata. Hilo ni fundisho kuhusu viwango vyote: kuviandika ni rahisi, lakini kubadilisha chuma kilichokwisha kuzikwa ardhini ni ghali.

Mhandisi anaweza kupinga hapa kwamba baadhi ya tofauti zina sababu halali, na atakuwa na haki. Koni ya digrii 45, yaani mdomo wa mrija uliopanuliwa ili kuziba, ilifaa mirija laini ya shaba. Mirija migumu ya chuma ikipanuliwa kiasi hicho huweza kupasuka mdomoni. Ndiyo maana jeshi la Marekani lilitumia digrii 37 katika ndege za Vita Kuu ya Pili, na baada ya vita viwanda vikaichukua kwa jina la JIC. Oringi, pete ya mpira ya kuzibia aliyoipatia hataza Niels Christensen mwaka 1939, nayo ilileta muhuri bora kuliko chuma kukandamiza chuma. Lakini tutenganishe muhuri na uzi. Muhuri umeendelea kwa hoja za kiufundi, uzi umerithiwa. Ushahidi ni kwamba koni ya 37 na ya 45 hutumia uzi uleule katika saizi kadhaa, hata nati ya moja hupanda juu ya nyingine huku koni zikigusana kwenye mstari mwembamba tu. Ushahidi mwingine ni Ujerumani na Japani, nchi za milimita, ambazo bado huunganisha mabomba mengi kwa uzi wa Whitworth. Hata mapatano ya mwaka 1948, ambapo Marekani, Uingereza na Kanada zilikubaliana digrii 60 kwa skrubu, hayakuufuta uzi wa mabomba wa Kiingereza.

Afrika Mashariki ilipokea urithi huu wote kwa mkupuo. Kwenye Mradi wa Karanga ulioanza Kongwa mwaka 1947, Waingereza walileta mashine kuukuu za jeshi la Marekani pamoja na matrekta ambayo kampuni ya Vickers iliyatengeneza kutokana na vifaru vya Sherman. Baadaye vikaja vifaa vya Wachina waliojenga reli ya TAZARA kati ya 1970 na 1975, kisha makatapila ya Kimarekani na ya Kijapani. Leo fundi mmoja huweza kukutana na koni za digrii 24 za Kijerumani, 30 za Kijapani na 37 za Kimarekani katika wiki moja.

Wapo wasemao kwamba adapta imemaliza tatizo. Imelipunguza, haijalimaliza: kila adapta huongeza maungio ambayo mafuta yanaweza kuvujia, na uwezo wake wa kubeba presha ni ule wa upande wake dhaifu. Wengine hungoja kiwango kimoja cha dunia. Shirika la Kimataifa la Viwango limekwisha kupendekeza kwa mitambo mipya tundu lenye uzi wa milimita linalozibwa kwa oringi, lakini mtambo hudumu miongo, na ghala la vipuri huutii mtambo uliopo. Kwa hiyo swali la kwanza mbele ya fitingi ni kuuliza imetoka katika ukoo gani. Jibu lake linapimwa kwa kalipa, kwa geji ya meno na kwa kipimo cha pembe ya koni. Kuingia kwa mkono ni ushahidi hafifu mno wa kumkabidhi mtu presha ya baa 350.