Bei ya Uzinduzi Ina Tarehe, Je, Ina Mahali?

Vijana wa Chuo Kikuu cha Dodoma wakianza kubishana kule Chimwaga, PlayStation au Xbox, swali la fedha huja hivi: ilipotoka iliuzwa bei gani? Kiswahili cha magazeti huiita bei ya uzinduzi. Jina hilo lina washindani, na Dodoma ni mahali pazuri pa kuwapima.

Wa kwanza ni bei ya kuanzia. Mnadani Msalato, mwenye mbuzi huitaja ili ishuke, ndiyo maana huongeza, "maongezi yapo." Dalali wa mahakama huitaja ili ipande. Istilahi moja, njia mbili. Wa pili ni bei elekezi, lakini Mtanzania akiisikia huiona serikali ikihangaika na sukari. Wa tatu ni bei kikomo, ile ya mafuta inayotangazwa kila mwezi na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji: kituo kinaweza kuuza chini yake, si juu.

Kwa mashine za gemu, kikomo kilikaribia kufaa. Mwaka 1995 Sega ilitoa Saturn Marekani kwa dola 399, Sony ikaja na PlayStation kwa 299. Mwaka 2013 Xbox One ilitoka kwa 499, PS4 kwa 399. Miaka miwili baadaye PS4 ikashuka hadi 349. Bei ya siku ya kwanza ilikuwa dari. Kisha PS5 na Xbox Series X zikatoka Novemba 2020, kila moja kwa dola 499, na mwaka 2025 zote zikapandishwa. PS5 ikafika 549. Dari likatoboka.

Hapo ndipo uzinduzi unaposhinda. Neno hili halidai kwamba bei itapanda wala itashuka, wala halimpi mtengenezaji mamlaka asiyo nayo. Linataja siku tu. Pengo lake ni mahali. Bei ya Marekani hutangazwa bila kodi ya mauzo. Ya dukani Dodoma imekwisha kubeba usafiri, faida ya mwagizaji na VAT. Kwa hiyo mwandishi anayelinganisha aandike kwa ukamilifu: bei ya uzinduzi Marekani, Novemba 2020, kabla ya kodi. Asipofanya hivyo, atapambanisha mashine mbili kumbe anapambanisha kodi mbili.