Kete za Bati na Nyoka wa Kitochi

Ubao wa drafti kwenye kijiwe cha bodaboda mjini Tarime hauna cha kumshangaza mtu aliyekulia Tanzania. Ni kipande cha mbao nyembamba kilichochorwa miraba 64 kwa kalamu ya wino mzito, kona moja imeshavimba kwa mvua. Kete ni vizibo vya soda, 12 kwa kila mchezaji. Huyu anavilaza vyake chali, meno juu; yule anavifunika, nembo juu. Kizibo kikivuka hadi mwisho wa ubao hupandishiwa mwenzake mgongoni, na kuanzia hapo ni kingi: kinakatiza ubao kwa mshazari kinavyotaka. Kula ni lazima. Anayejifanya hajaona hukumbushwa na watazamaji, "Mura, kula!", na mara nyingi kula kwenyewe ndiko mtego.

Mchezo huu haumgharimu mchezaji hata senti, kwa sababu soda ilishalipiwa na mtu mwingine. William Painter wa Baltimore, Marekani, aliyepata hataza ya kizibo hicho mwaka 1892, alikitengeneza kitumike mara moja kitupwe. Chake kilikuwa na meno 24. Cha leo kina 21. Huko kilikobuniwa ni takataka tangu sekunde chupa inapofunguliwa. Kijiweni ndiyo kwanza kazi inaanza.

Historia ya michezo midogo ya bure katika wilaya za Tarime na Serengeti ni historia ya vitu vya namna hiyo, vilivyoletwa kwa shughuli nyingine vikaishia mikononi mwa wachezaji. Leo mtu akitaja "gemu ya bure" wengi hufikiria simu au kivinjari cha kompyuta. Lakini vigezo ambavyo mchezaji wa Tarime anavitumia kuihukumu gemu ya kwenye kivinjari ni vya zamani kuliko umeme wa wilaya yake, na vingi vilipikwa kwenye shimo.

Kabla ya kizibo palikuwa na shimo. Mchezo wa kugawa kete kwenye mashimo umelizunguka Ziwa Viktoria kwa majina yanayofanana na yasiyofanana: Wajaluo wanauita ajua, Wamaasai enkeshui, Waganda omweso, Wanyarwanda igisoro, na Wazanaki wa Butiama orusoro. Pwani ulipanda cheo ukawa bao la Kiswahili, lenye mashimo 32, kete 64, nyumba yake na sheria za kunamua. Bara, mchungaji hakuhitaji ubao wa kuchongwa. Alichimba mashimo kwa kisigino au kijiti palepale ng'ombe walipopumzika, akaokota vijiwe au mbegu, akacheza. Jioni mifugo ikirudi nyumbani, mchezo ulibaki malishoni ukisubiri mvua iufute.

Mkoa wa Mara una simulizi moja kubwa kuhusu mchezo huu. Inasimuliwa kwamba Kambarage, mtoto wa Mtemi Burito Nyerere wa Wazanaki, alikuwa hodari wa soro kupita umri wake, na kwamba Mtemi Mohamed Makongoro wa Ikizu, alipoona akili ya kijana huyo kwenye mashimo, alimshauri rafiki yake Burito ampeleke shule. Mwaka 1934, akiwa na miaka kama 12, Kambarage alianza masomo Mwisenge, Musoma. Jina la Makongoro baadaye lilitua kwa mmoja wa watoto wa Kambarage. Simulizi za aina hii hung'arishwa kila zinaporudiwa, na si lazima mtu aamini kwamba taifa lilipatikana kwa sababu ya vijiwe. Ila hakuna anayebishana kuhusu uzeeni: Kambarage, sasa Mwalimu Nyerere, alipong'atuka na kurudi Butiama, bao lilikuwa starehe yake.

Hapa panahitaji tahadhari ndogo. Ndani ya Hifadhi ya Serengeti, kwenye majabali ya Moru, kuna mwamba maarufu wenye vijishimo vingi vya mviringo, na mgeni aliyewahi kusikia habari za bao hukimbilia kusema huo ni ubao wa mababu. Si bao. Ule ni mwamba unaolia: ukiugonga kwa jiwe unatoa sauti kama ya chuma, na vijishimo vyake ni makovu ya kugongwa kwa miaka mingi. Anayetaka bao la kweli lililochongwa mwambani avuke mpaka hadi Hyrax Hill, Nakuru, ambako mashimo yamepangwa kwa safu juu ya jiwe na hayana utata. Huo ndio mchezo wa bure usioweza kufutwa na mvua wala na kampuni.

Simu za mkononi zilikuja na mchezo wa namna nyingine, nao ulikuwa wa bure kwa maana ya kipekee: uliletwa ndani ya kitu kilichonunuliwa kwa sababu tofauti kabisa. Mobitel ilianza huduma Tanzania mwaka 1994, Vodacom ikafuata 2000 na Celtel 2001, na minara ikaanzia mijini na kando ya barabara kuu kabla ya kufikiria vijiji. Mtu wa Tarime alinunua simu ili aongee na ndugu aliyeko Mwanza. Ndani yake akamkuta nyoka.

Nyoka huyo aliandikwa na mhandisi wa Nokia, Taneli Armanto, kwa ajili ya simu ya 6110 iliyotoka 1997. Kilichomfikisha vijijini ni Nokia 1100 ya mwaka 2003, yenye tochi kichwani, simu iliyouzwa zaidi ya milioni 250 duniani na ambayo Watanzania waliipa heshima ya kuitwa kitochi. Mpaka leo simu yoyote ndogo ya vibonye ni kitochi, hata kama taa yake imekufa. Nyoka alichezwa kwa namba 2, 4, 6 na 8, na ukiokota kitochi cha zamani cha kijana yeyote utazikuta namba hizo zimefutika kabla ya nyingine.

Katika toleo la kwanza nyoka akigusa ukuta alikufa. Katika toleo la pili, lile lililokuwa ndani ya 1100, aliweza kupenya ukuta huu na kutokea upande wa pili wa kioo. Wachezaji wakongwe waliuona huo ni ulegevu. Kwa watu wa Sirari, ambao asubuhi wanapenya kwenda Isebania kununua bidhaa na mchana wamesharudi Tanzania, yalikuwa maisha ya kawaida tu.

Gharama ilijificha kwenye chaji. Wakala wa Nishati Vijijini alianza kazi mwaka 2007, na kabla nguzo hazijafika, simu ilipelekwa dukani kwa mwenye sola au jenereta, ikaachwa pale na kikaratasi cha jina, ikalipiwa. Kila dakika ya nyoka ilikuwa dakika iliyokatwa kwenye maongezi ya kesho. Ndiyo maana mtoto aliyemwomba baba simu alijibiwa kwanza kwa onyo, "usinimalizie chaji," na ndiyo maana sifa ya kwanza ya gemu nzuri ikawa ni kwisha haraka. Mtu anacheza, anakufa, anarudisha simu.

Sifa ya pili, wepesi, ilitoka intaneti kafe. Mpaka katikati ya mwaka 2009 Tanzania ilitegemea setilaiti kuunganishwa na dunia. Kebo ya SEACOM ilifika Dar es Salaam Julai mwaka huo. Katika miji midogo ya mikoani ukurasa ulifunguka kwa subira, na mteja alilipa kwa dakika. Katika mazingira hayo gemu za Flash zilikuwa na faida ambayo mchezaji wa London huenda hakuwahi kuiona. Michoro yake mingi haikuwa picha bali hesabu ya mistari na mikunjo, kwa hiyo gemu nzima iliweza kuenea kwenye faili dogo la kilobaiti mia chache. Tena likishashuka lilikaa lote ndani ya kompyuta. Mtandao ungeweza kukatika, mchezo ukaendelea. Mteja mjanja alifungua ukurasa wa gemu kwanza, akauacha ujipakie taratibu, huku akisoma barua pepe zake kwenye dirisha jingine. Alipomaliza, gemu ilikuwa imeiva.

Watunzi wake walikuwa mtu mmoja mmoja, wengi vijana, na tovuti kama Miniclip, iliyoanzishwa Uingereza 2001, ziliwakusanya mahali pamoja. Gemu hizo hazikuomba jina, nywila wala namba ya simu. Kwa mtu aliyelipa nusu saa tu, kuombwa ajisajili ni sawa na kuombwa aondoke.

Kisha zikafa kwa siku moja. Adobe, wamiliki wa Flash, walitangaza Julai 2017 kwamba wataiacha, wakaiacha tarehe 31 Desemba 2020, na kuanzia tarehe 12 Januari 2021 programu yenyewe ikakataa kufungua chochote. Wapenzi wa gemu hizo walishajipanga: mradi wa Flashpoint umeokoa zaidi ya gemu laki moja. Ni kazi ya kupigiwa makofi. Lakini hazina yote kwa ukamilifu wake inazidi terabaiti moja, na kwa mtu anayenunua bando la gigabaiti moja na kulihesabu mpaka mwisho wa wiki, hazina hiyo ni kama Mlima Kilimanjaro ukiutazama kwenye kalenda. Kinachofaa zaidi kwake ni Ruffle, programu ndogo inayofufua faili la Flash moja baada ya jingine ndani ya kivinjari chenyewe.

Wakati huohuo simu janja zilikuwa zimeshaleta gemu za bure za kizazi kipya, na hapa ndipo mchezaji wa Tarime huwa mkali. Gemu inashushwa bure, ndiyo. Halafu kila raundi inafuatwa na tangazo la video, na tangazo linakula bando. Anayetangaziwa ndiye anayelilipia tangazo! Halotel ilipoingia Oktoba 2015 kwa ahadi ya kuvifikia vijiji, wengi walipata intaneti kwa mara ya kwanza, na haraka wakajifunza kuzima data kabla ya kufungua gemu. Inayogoma bila data hufutwa. Ile ya namba 2048, aliyoiandika kijana wa Kiitalia Gabriele Cirulli kwa siku chache mwezi Machi 2014 akiwa na miaka 19 na kuiachia dunia bure, haigomi. Ikishafunguka, imefunguka.

Ila mshindi wa mashindano haya yasiyo rasmi ni mnyama ambaye hakuna aliyemtafuta. Septemba 2014 Google waliweka ndani ya Chrome dinosaria mdogo wa kijivu anayejitokeza pale tu mtandao unapokatika. Ukigusa kioo anaanza kukimbia jangwani, anaruka dungusi, baadaye anainamia mijusi warukao. Akifika pointi 700 jangwa linageuka usiku. Waliomtengeneza walisema kwa mzaha kwamba mchezo umepangwa uchukue miaka milioni 17 kuisha, muda ambao, kwa maneno yao, T. rex aliishi duniani. Mwaka 2018 Google walieleza kwamba anachezwa mara milioni 270 kwa mwezi, na kwamba wachezaji wengi wako katika nchi ambazo data ni ghali au haitabiriki. Hawakuitaja Tanzania; walitaja India, Brazili, Meksiko na Indonesia. Mtu wa Sirari hahitaji kutajwa. Simu yake hudaka mnara wa Kenya bila kuombwa, data inasimama, na dinosaria huyo hapo.

Mdogo wake mwenye tabia mbaya ni kindege. Aviator, iliyotolewa na kampuni ya Spribe mwaka 2019, nayo ni gemu ndogo ya kivinjari: mstari unapanda, namba inapanda, kibonye ni kimoja, raundi ni ya sekunde chache. Kwa vigezo vyote vya kijiweni, wepesi, ufupi, kutohitaji maelezo, ni gemu iliyotengenezwa vizuri. Kasoro ni kwamba inachezwa kwa pesa ya mtu. Wazee walioanza kuilaumu intaneti kwa hilo wamesahau mashine za dubwi zilizozagaa vijijini muda mrefu kabla, zikimeza sarafu za mia mbili. Mabishano ya vijana ni ya kitaalamu zaidi: kwenye nyoka, wanasema, ukifa ni kosa lako, na kosa unaliona. Kwenye kindege hakuna kosa la kuonekana, kwa hiyo hakuna cha kujifunza, na wapo wanaokataa kabisa kukiita gemu.

Kijiwe, nyumba kongwe ya gemu, nacho kina matatizo yake. Soda za chupa ya plastiki zimeenea, na mfuniko wake wa kusokota ni mrefu, mwepesi, unapeperushwa na upepo wa lori linalopita kwenda Sirari. Ukiupandishia mwenzake uwe kingi, unaanguka. Wacheza drafti huvilinda vizibo vya bati kwa makini kuliko zamani. Kuna wanaovitunza kwenye kopo la maziwa lenye kifuniko.

Umeme ukikatika saa nane mchana, kwenye duka la stesheneri lililo jirani na kijiwe fotokopi hunyamaza na ruta huzima taa zake. Kompyuta mpakato ya mwenye duka ina chaji ya saa moja. Binti aliyekuja kuchapishiwa fomu za ajira anaambiwa asubiri, anavutiwa kiti, anagusa kibonye kirefu, na dinosaria anaanza kukimbia. Nje, upande wa chali umepungukiwa kete moja. Mmoja wa wachezaji anainuka, anapekua chini ya meza ya muuza soda, anarudi na kizibo kilichopinda, anakinyoosha kwa meno, anakiweka.

"Haya, tata, zamu yako."