Mto Nzoia: Kupima Mbolea Iliyoyeyuka Majini

Sehemu ya mbolea inayotiwa kwenye mahindi ya Kitale na miwa ya Bungoma huoshwa na mvua hadi Mto Nzoia, unaomwaga maji yake Ziwa Viktoria. Humo mtoni huwa na ayoni za amoniamu na nitrati, zisizoonekana kwa macho.

Msimu wa mvua, Nzoia huwa na rangi ya chai ya maziwa, na tope hilo huvuruga vipimo vinavyotegemea rangi ya maji. Kuna njia nzuri ya kulikwepa: ayoni hugeuzwa gesi, na gesi ndiyo inayopimwa.

Sampuli ikitiwa sodiamu hidroksaidi, amoniamu hutoka kama gesi ya amonia, ile ile inayochoma pua asubuhi mlango wa banda la kuku unapofunguliwa. Nitrati haikubali upesi. Hupashwa moto pamoja na asidi na kloridi ya titani hadi itoe nitriki oksaidi. Mkondo wa nitrojeni husukuma gesi hiyo kwenye mrija wenye madirisha ya kwatzi, kwa kuwa kioo cha kawaida huzuia miale mifupi ya urujuanimno. Taa humulika upande mmoja, kifaa husoma upande wa pili. Gesi ikizidi, mwanga wa nanomita 200 hivi hadi 230 hupungua. Tope lenyewe hubaki chupani.

Kwa maji ya kunywa, Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 50 za nitrati kwa lita, hasa kwa ajili ya watoto wachanga wanaonyweshwa maziwa ya chupa: nitrati ikizidi, damu yao hushindwa kubeba oksijeni ya kutosha.