Breka Ina Namba Mbili, Wengi Wetu Twasoma Moja

Leo naomba tuingie pamoja ndani ya kabati la umeme la kiwandani, lile tunaloliita paneli. Nina diploma ya umeme na nimeshika bisibisi kwa zaidi ya miaka ishirini, lakini somo hili nililielewa barabara siku nilipomwona kijana akipelekwa hospitali mikono yote imeungua.

Kilikuwa kiwanda cha barafu hapa Mombasa. Shoti ilitokea kwenye mota, breka ikapasuka badala ya kukata, na moto ukamrukia kijana aliyekuwa mbele ya paneli. Mwenye kiwanda alisema breka ilikuwa bandia. Haikuwa bandia. Na sharti niseme kweli: miezi michache kabla, mimi mwenyewe nilikuwa nimefika pale kuunga kompresa mpya. Niliitizama breka ile, nikasoma ampea zake, nikaridhika.

Breka ina namba mbili kubwa. Ya kwanza ni ampea inazobeba siku zote, kama 32 au 63. Ya pili ni uwezo wa kukata, yaani shoti kubwa kabisa ambayo breka yaweza kuizima bila kupasuka. Kwenye breka ndogo za nyumbani utaikuta ndani ya kiboksi, aghalabu 6000 au 10000. Hizo nazo ni ampea. Kwenye breka kubwa za viwandani huandikwa kwa kA, na kA moja ni ampea 1000. Hapo utaona alama mbili. Icu ni kiwango cha mwisho: breka itakata, lakini baada ya hapo usiitegemee tena. Ics ni kiwango ambacho ikishakata bado yafaa kuendelea na kazi.

Sasa shoti yenyewe hufika ampea ngapi? Jibu liko kwenye transfoma. Soma kibao chake, uchukue kVA na asilimia ya impidansi, yaani kizuizi chake cha ndani. Tuseme transfoma ni ya kVA 200, volti 415, impidansi asilimia 4. Mkondo wake wa kawaida ni kama ampea 278. Gawanya kwa 0.04, utapata karibu ampea 7000. Breka ya kA 10 yatosha. Badilisha uweke transfoma ya kVA 630 yenye asilimia ile ile. Mkondo wa kawaida ni ampea 876, na shoti yafika karibu 22,000. Breka ile ile ya kA 10 sasa haifai, ingawa hakuna aliyeigusa.

Ndivyo ilivyokuwa pale. Kazi ilikua, transfoma ikabadilishwa ikawekwa kubwa, paneli ikabaki ya zamani, tena iko mita chache tu kutoka kwa transfoma. Kebo ndefu hupunguza shoti. Kebo fupi haina msaada huo.

Breka si peke yake. Basbaa, zile pau za shaba ndani ya paneli, husukumana na kuvutana wakati wa shoti, na mkondo ukiongezeka mara mbili, nguvu hiyo huongezeka mara nne. Vishikizo dhaifu huvunjika. Ndiyo maana paneli nzuri huandikwa Icw, kiwango ambacho yaweza kuhimili kwa muda maalumu, mara nyingi sekunde moja. Kontakta nazo zina kiwango chao. Usiipe paneli nzima sifa ya kifaa chake chenye nguvu. Itizame kwa kile kilicho dhaifu.

Dawa ipo. Ya kwanza ni kuweka breka zenye uwezo unaozidi shoti ya mahali hapo. Ya pili ni fyuzi za HRC mbele ya breka; nyingi hukata hadi kA 80 na hupunguza makali ya shoti kabla haijafika kileleni. Ya tatu ni kuiacha breka kubwa ya juu isaidie ndogo ya chini, lakini hili lakubalika tu ikiwa mtengenezaji amezijaribu breka hizo mbili pamoja na kuziandika katika jedwali lake. Kuchanganya breka ya kampuni hii na ya kampuni ile kwa kubahatisha si ufundi.

Wenye viwanda, karakana na hoteli, muulizeni fundi wenu maswali matatu. Shoti kwenye paneli yangu yafika kA ngapi? Kifaa dhaifu kabisa ndani yake ni cha kA ngapi? Na tangu transfoma ibadilishwe, nani alipiga hesabu upya? Akikosa majibu, tafuteni mwenye leseni ya EPRA anayeweza kuyaandika na kuyatia saini.

Breka ya kA 36 ni ghali kuliko ya kA 10, najua. Lakini wazee walisema rahisi huvunja upishi. Kijana yule alhamdulillahi amepona, ila vidole viwili havikunji. Siku hizi kabla sijafungua paneli yoyote, nasoma kwanza kibao cha transfoma.