Mkadiriaji majenzi: Mlinzi wa fedha za ujenzi anayesahaulika wilayani

Na Mwandishi Wetu

WATU wengi wanapowataja wataalamu wa ujenzi huwakumbuka watatu: mbunifu majengo aliyechora ramani, mhandisi aliyehakikisha kuwa jengo halitaanguka, na mkandarasi aliyelijenga. Ni wachache wanaomkumbuka wa nne, ambaye kazi yake ni kujibu maswali mawili ya kila mwenye fedha: Je, jengo hili litagharimu kiasi gani? Na je, fedha iliyokwisha kulipwa inalingana na kazi iliyokwisha kufanyika? Mtaalamu huyo anaitwa mkadiriaji majenzi.

Jina lake huchanganywa mara kwa mara na majina ya wataalamu wengine. Mpimaji ardhi hupima mipaka ya viwanja na mashamba. Mthamini hukadiria thamani ya mali, kwa mfano pale wananchi wanapostahili kulipwa fidia, na taaluma yake ina sheria yake ya mwaka 2016. Mkadiriaji majenzi yeye hupima kazi yenyewe ya ujenzi, yaani meta za ujazo za zege, meta za mraba za plasta, kilo za nondo na idadi ya milango, kisha huiwekea kila kazi bei yake.

Taaluma hii ilikua nchini Uingereza katika karne ya 19, wakati wenye majengo walipoanza kudai wajulishwe gharama yote kabla ya kazi kuanza. Chama cha wapimaji wa fani mbalimbali kilianzishwa mjini London mwaka 1868. Kwa hapa nchini, wakadiriaji majenzi husajiliwa pamoja na wabunifu majengo na bodi moja, iliyoundwa kwa Sheria Na. 16 ya mwaka 1997, ambayo baadaye ilifutwa na nafasi yake kuchukuliwa na Sheria Na. 4 ya mwaka 2010. Chuo Kikuu Ardhi cha Dar es Salaam, kilichopata hadhi ya chuo kikuu mwaka 2007, ni miongoni mwa vyuo vinavyofundisha uchumi wa majengo.

Kazi kabla ya msingi kuchimbwa

Mkadiriaji huanza kazi ramani ikiwa bado mezani. Kwanza humpa mwenye jengo makisio ya awali, ili ajue kama fedha aliyonayo inatosha au ramani ipunguzwe. Ramani ikikamilika, huandaa jedwali la vipimo na gharama, ambalo makandarasi wamezoea kuliita BOQ. Jedwali hilo huorodhesha kila kazi, kipimo chake na bei yake. Zabuni zinapofunguliwa, waombaji wote huwa wamejibu maswali yaleyale, na ni rahisi kumtambua aliyeweka bei ya chini mno kwa lengo la kupata kazi na kudai nyongeza baadaye.

Umuhimu wa vipimo hivyo huonekana hata katika jambo dogo. Sakafu ya chumba chenye urefu wa meta 9 na upana wa meta 7, ikimwagwa zege lenye unene wa sentimeta 10, huhitaji zege la meta za ujazo 6.3. Kwa mchanganyiko wa saruji sehemu moja, mchanga mbili na kokoto nne, hiyo ni takriban mifuko 40 ya saruji ya kilo 50. Fundi akimwaga unene wa sentimeta 15, mifuko inafika takriban 60. Akimwaga sentimeta 7, haifiki 30. Sakafu ikishasawazishwa na kukauka, hakuna jicho litakaloona tofauti hiyo. Anayelipa kwa kutazama tu anaweza kulipia mifuko 40 akapata 30, na wanafunzi wakaanza kukalia nyufa baada ya miaka michache.

Darasa la Sh milioni 20

Katika wilaya za Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera, suala hili lina uzito wa pekee kwa sababu ya umbali. Viwanda vikubwa vya saruji nchini viko Wazo jijini Dar es Salaam, Tanga, Mtwara na Mbeya. Kutoka Dar es Salaam hadi mpaka wa Rusumo ni zaidi ya kilometa 1,200. Malori ya mizigo ya Rwanda hupita Nyakanazi na Lusahunga, wilayani Biharamulo, kisha Benaco, wilayani Ngara, kabla ya kuvuka mpaka. Hata hivyo, mfuko wa saruji unaoteremshwa kando ya barabara hiyo kuu bado una safari nyingine hadi Murusagamba au Kalenge, tena kwa barabara za vumbi ambazo mvua huzigeuza tope.

Mwaka 2021 Serikali ilipata mkopo wa takriban Sh trilioni 1.3 kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa kwa ajili ya mapambano dhidi ya UVIKO-19. Sehemu ya fedha hizo ilitengwa kujenga vyumba 15,000 vya madarasa nchini kote, 12,000 kati yake vikiwa vya shule za sekondari na 3,000 vya shule shikizi za msingi. Kila chumba kilitengewa Sh milioni 20, na ujenzi ulitakiwa ukamilike kabla ya muhula wa Januari 2022. Kazi nyingi zilifanywa kwa utaratibu wa fosi akaunti, ambao shule au kijiji hununua vifaa na kuwalipa mafundi moja kwa moja, bila mkandarasi.

Utaratibu huo una faida zake. Faida ya mkandarasi haimo katika gharama, fedha hubaki kwa mafundi wa eneo husika, na wananchi hulisimamia jengo wanalolijua kuwa ni lao. Lakini bei moja kwa nchi nzima haiwezi kuwa sahihi kila mahali. Tuchukue mfano: ikiwa chumba kinahitaji mifuko 150 ya saruji, na usafiri ukaongeza Sh 6,000 kwa kila mfuko, nyongeza ni Sh 900,000. Hapo bado hatujahesabu bati, nondo na rangi, ambazo hupanda lori hilohilo. Kwa upande mwingine, mchanga, mawe, mbao na matofali huenda vikapatikana karibu na kwa bei nafuu kuliko mjini. Ni upande upi unaozidi mwingine? Swali hilo halijibiwi kwa kubahatisha, bali kwa jedwali la vipimo lenye bei za kata husika.

Kalenda nayo ina gharama yake. Kujenga kati ya Oktoba na Desemba ni kujenga katika mvua za vuli. Msingi hujaa maji, matofali hayakauki na lori hukwama njiani, huku mafundi wakiendelea kula posho. Mkadiriaji anayeijua wilaya huiweka hatari hiyo katika fedha za dharura mapema. Asipokuwepo, upungufu hujitokeza jengo likiwa limefikia usawa wa linta, na kamati ya shule hulazimika kuchagua: ipunguze nondo, iwachangishe wazazi, au iliache jengo libaki boma.

Ujenzi unapoendelea

Pale penye mkandarasi, mkadiriaji hurudi eneo la ujenzi kila malipo yanapoombwa. Hupima kazi iliyofanyika, hulinganisha na jedwali, kisha huandaa hesabu ambayo hati ya malipo hutokana nayo. Lengo ni malipo yasiitangulie kazi wala yasibaki nyuma yake mno. Malipo yakitangulia, mkandarasi hukosa sababu ya kurudi. Yakichelewa, mkandarasi mdogo hukopa kwa riba, husimamisha kazi, na hatimaye hudai fidia kwa mujibu wa mkataba. Hivyo basi, mkadiriaji humlinda mlipaji na mlipwaji kwa pamoja.

Vilevile hufuatilia mabadiliko. Diwani anapoomba dirisha liongezwe, au mhandisi anapoagiza msingi uchimbwe zaidi kwa sababu ya udongo laini, mkadiriaji huandika bei ya badiliko hilo kabla halijatekelezwa. Sehemu ya malipo huzuiliwa hadi muda wa matazamio uishe, ili kasoro zirekebishwe. Mwisho huandaa hesabu ya mwisho, inayoeleza kwa nini gharama halisi imetofautiana na ile ya mwanzo. Waraka huo ndio mkaguzi wa hesabu huutafuta kwanza.

Hata nguvu za wananchi zinahitaji kupimwa. Kijiji kinapochimba msingi na kusomba mawe, mchango huo una thamani ya fedha. Usipoandikwa, gharama ya kweli ya jengo haijulikani, na mtu mwingine anaweza kuidai kama kazi aliyoifanya yeye.

Funzo kutoka Rusumo

Wilaya ya Ngara inao mfano wa upande wa pili. Mradi wa umeme wa maporomoko ya Rusumo, wenye uwezo wa megawati 80, uliunganisha Tanzania, Rwanda na Burundi. Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 340 za Marekani mwaka 2013 kwa ajili ya mitambo ya kufua umeme, na Benki ya Maendeleo ya Afrika ilisaidia kugharamia njia za kuusafirisha. Hapo jirani, daraja jipya na kituo cha pamoja cha forodha, vilivyojengwa kwa msaada wa Japan, vilizinduliwa na Rais John Magufuli na Rais Paul Kagame Aprili 2016.

Katika miradi ya ukubwa huo, hakuna mfadhili anayetoa fedha bila vipimo, hati za malipo na taarifa za gharama. Aidha, hakuna anayeona kuwa mtaalamu wa gharama ni anasa. Anasa huonekana pale tu jengo linapokuwa dogo, ilhali madarasa, zahanati na nyumba za walimu, vikijumlishwa kwa miaka 10, ni fedha nyingi, na kila shilingi inayopotea humgusa mtoto anayekaa sakafuni.

Si lazima kila kijiji kiwe na mkadiriaji wake. Pale ambapo halmashauri haina mtaalamu huyo, halmashauri mbili jirani zinaweza kumtumia mmoja. Mtaalamu huyo anaweza kuandaa orodha ya bei kwa kila kata na kuihuisha kila mwaka, kuifundisha kamati ya shule namna ya kupima unene wa zege kabla halijafunikwa, na kubandika jedwali la vipimo kwenye ubao wa matangazo ili kila mzazi alisome. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Katika ujenzi, daftari hilo ni jedwali la vipimo, na halina budi kuandikwa kabla ya jembe la kwanza kugusa ardhi.