Mrabaha na hongo

Agosti 2007 Zitto Kabwe, mbunge wa Kigoma Kaskazini, alitaka Bunge la Tanzania liunde kamati teule ichunguze mkataba wa mgodi wa dhahabu wa Buzwagi, uliosainiwa London Februari mwaka huo. Hoja ilikataliwa, naye akasimamishwa kuhudhuria Bunge. Lakini neno mrabaha, malipo ambayo mchimbaji humlipa mwenye mali, lilikuwa limeshatoka Dodoma na kufika vijiweni.

Shina lake ni la Kiarabu, na lina maana ya faida. Hapo ndipo linapotupotosha. Mtu anayesikia faida ndani ya neno atakubali upesi kwamba mwaka wa hasara hauna cha kudai. Mrabaha haungoji faida. Dhahabu ikitoka ardhini hairudi, kwa hiyo mwenye nchi hulipwa kwa kilichotoka, mchimbaji apate asipate. Kinachongoja faida ni kodi ya mapato, ambayo migodi mikubwa ilikaa miaka mingi bila kuilipa kwa kutangaza hasara.

Uha, nchi ya Waha huko Kigoma, ilikuwa na wazo hilo zamani, kwa jina la hongo. Kabla halijawa jina la rushwa, hongo ilikuwa haki ya mtawala kwa msafara unaopita nchini mwake. Msafiri Henry Morton Stanley, akikaribia Ujiji Novemba 1871, alidaiwa nguo na mtawala mmoja baada ya mwingine, mpaka akawapitisha watu wake porini usiku asidaiwe tena. Hakuna aliyemuuliza kama safari inamlipa. Kweli, msafara hauchimbi kitu kama mgodi. Ila anayedai ni yule yule, mwenye nchi, wala hahitaji kukagua vitabu vya mgeni ndipo adai. Inaniuma kwamba neno lenye wazo safi namna hii limeporomoka hadi kuwa malipo ya gizani.

Bungeni kelele zimekuwa za asilimia. Kwa dhahabu ilikuwa 3 chini ya sheria ya madini ya 1998, ikawa 4 mwaka 2010, kisha 6 mwaka 2017. Asilimia ya nini? Sheria ya 2010 iliacha kukokotoa mrabaha baada ya kuondoa gharama za kusafirisha na kusafisha, ikaanza kuukokotoa kwa thamani ghafi. Kwangu, hilo neno ghafi lilibeba fikra nzito kuliko asilimia iliyoongezwa, kwa sababu lilimrudisha mwenye mali mbele ya mwenye gharama.

Mafuta yameshatafutwa chini ya Ziwa Tanganyika. Yakipatikana, mbunge wa Kigoma atakayesimama siku hiyo aulize kwanza kama mrabaha unahesabiwa kabla ya gharama au baada yake.